Shemeji ananiita mvivu, mdogo wangu ananiita mhanga

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina miaka 46. Karakana ninayofanyia kazi si yangu, ina tajiri wake. Tangu mwaka jana amenipa kusimamia zamu ya asubuhi, na vijana siku hizi wananiita bosi. Mshahara umeongezeka kidogo, lawama zimeongezeka sana, ila hilo nitalirudia mwishoni.

Kwetu tumezaliwa wanne na mimi ndiye wa kwanza. Baba alipoumia kazini nilikuwa katikati ya sekondari. Hakuna aliyeitisha kikao. Nilienda karakana kusaidia kwa muda, huo muda ukawa maisha. Nilichokuwa napata ndicho kilicholipa ada za wadogo zangu, na sijutii hata siku moja. Mdogo wangu anayenifuata, wa kike, alisoma mpaka chuo kikuu. Ameolewa na bwana mmoja meneja wa kampuni ya bima, mtu mstaarabu, simsemi vibaya. Tatizo lake mdomo.

Hivi karibuni tulikutana ndugu wote nyumbani kwao. Mazungumzo yakaingia kwenye maisha, nani kafika wapi. Shemeji akasema mbele ya watoto: "Hakuna maskini, kuna wavivu na wasio na mipango. Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje. Mdogo wangu akamkatiza kwa hasira. Akasema si uvivu, ni mfumo, kwamba mtu kama kaka hakuwa na mtaji wa kiutamaduni, Marx alisema hivi, Weber alisema vile, mimi ni mhanga wa muundo wa jamii. Alikuwa ananitetea, najua. Lakini Shangazi, mimi nilikuwa nimekaa palepale, ninaelezwa kama gari lililozimika barabarani huku wenye safari wakibishana kama tatizo ni injini au ni dereva. Hakuna aliyeniuliza neno.

Usiku binti yangu, ana miaka 15, akaniuliza: "Baba, kwani wewe shule ulikuwa huipendi?" Nikamwambia nenda kalale.

Kuna na jambo la pili. Shemeji amejitolea kumchukua huyo binti akaishi kwao, asome shule nzuri iliyo karibu nao, ada juu yake. Kasema, "Akikaa na watu waliofanikiwa atabadilika." Mke wangu anaona ni neema. Mimi moyo unagoma, na sijui kama ni busara au ni wivu.

Naomba unieleweshe hizo nadharia kwa lugha ya watu, nijue kama zinanihusu kweli au ni za kutambiana sebuleni. Mimi ni wa tabaka gani? Na binti nimwache aende?

Nyongeza: vijana wa zamu yangu wanataka kujiunga na chama cha wafanyakazi. Tajiri kaniambia nimpelekee majina ya wanaochochea. Sijampelekea, sijamkatalia.

Wako,
Fundi wa Zamu ya Asubuhi

*

Marahaba, fundi.

Tuanze na uvivu, maana naona ndio uliokukaa kooni. Zamu yako ina msimamizi mmoja. Tuseme kesho vijana wote waamke na bidii maradufu: hakuna anayechelewa, hakuna mshono wa chuma unaorudiwa. Wasimamizi watakuwa wangapi? Mmoja. Bidii inaweza kueleza kwa nini ulichaguliwa wewe ukaachwa mwenzako. Haiwezi kueleza kwa nini nafasi ni moja, kwa nini inalipa kiasi hicho, wala kwa nini faida ya bidii ya wote inakwenda kwa mtu ambaye huenda siku hiyo hata hakufika karakanani. Hayo ni maswali mawili. Shemeji amejibu la kwanza, akadhani amemaliza yote.

Na hiyo methali yake haina kosa. Anayetaka cha mvunguni na ainame. Mwanasosholojia, yaani msomi anayechunguza jamii, anachouliza ni kitanda cha nani, na ni nani aliyekisukumia kitu huko chini.

Mmarekani mmoja, C. Wright Mills, alilisema hili vizuri mwaka 1959. Katika mji wa watu 100,000 akikosa kazi mtu mmoja tu, ni haki kuangalia tabia yake, ujuzi wake na fursa zilizo mbele yake. Lakini nchi yenye wafanyakazi milioni 50 ikiwa na milioni 15 wasio na kazi, hapo huwezi kumchunguza mmoja mmoja kwa nini kashindwa. Nafasi zenyewe zimeporomoka. Msingi wa sosholojia ya matabaka ni huo: kutenganisha shida ya mtu na tatizo la jamii, halafu kuonyesha zinavyoingiliana.

Sasa kwa haki ya shemeji, mawazo yake yana wazee wake wa kitaaluma. Mwaka 1945 Kingsley Davis na Wilbert Moore walitoa hoja ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaisoma mpaka leo. Walisema kila jamii ina kazi nyeti kuliko nyingine, zinazohitaji vipaji adimu na mafunzo marefu. Ili watu wakubali kuhangaika miaka mingi darasani, lazima mwisho wake kuwe na malipo mazuri na heshima. Kwa hiyo tofauti ya vipato ina kazi yake: inampeleka mtu anayefaa mahali panapomfaa. Ndiyo nadharia ya uamilifu, inayoiona jamii kama kitu chenye viungo, kila kiungo kipo kwa sababu kina kazi.

Hoja hiyo ilijibiwa mwaka 1953 na Melvin Tumin, na majibu yake mimi nayapenda. Kwanza aliuliza: nani anapima uzito wa kazi? Kiwanda kikibaki na wahandisi watupu bila vibarua hakiendi popote. Pili, na hapa ni kama alikuwa anakuzungumzia wewe, alisema jamii iliyokwisha kugawanyika kwa matabaka haiwezi kujua ina vipaji kiasi gani, kwa sababu watoto wa chini hawapewi nafasi ya kupimwa. Hujashindwa mtihani, fundi. Hukuufanya. Shemeji anasoma matokeo ya mtihani ambao nusu ya watahiniwa walizuiwa mlangoni, halafu anawatangaza washindi.

Hata Émile Durkheim, Mfaransa ambaye hao wa uamilifu wanamhesabu kuwa babu yao, aliandika mwaka 1893 kwamba maadamu kuna watu wanaozaliwa matajiri na wengine wanazaliwa maskini, mikataba kati yao haiwezi kuwa ya haki. Mmoja anaweza kusubiri, mwingine ana njaa. Ukipata nafasi mwambie shemeji hilo, ila si mbele ya watoto.

Mdogo wako yeye alianza na Karl Marx, mwanafikra Mjerumani, na Marx anaeleweka upesi zaidi karakanani kuliko sebuleni. Hakuulizi unalipwa kiasi gani. Anauliza mashine ni za nani, na nani analazimika kuuza muda wake ili ale. Tuseme, kwa mfano tu, mnafanya kazi saa nane, na kwa saa tano geti na madirisha mliyotengeneza, ukitoa gharama za chuma na umeme na uchakavu wa mashine, yameshafidia mishahara yenu yote. Hizo saa tatu zilizobaki mnafanya kazi ya nani? Thamani yake Marx aliiita thamani ya ziada, na kwake ndiyo chanzo cha faida. Tajiri wako anaweza kuwa mtu mwema, mwenye kusamehe, mwenye kukopesha watu. Haibadilishi hesabu. Marx hakuwa anamtafuta mtu mbaya, alikuwa anaonyesha uhusiano. Na kwa kuwa tajiri anataka saa hizo zirefuke na nyie mnataka zipungue au zilipiwe, mvutano hauishi hata mkisalimiana vizuri kila asubuhi.

Cha kuchekesha kidogo ni kwamba mtu aliyeongea zaidi kuhusu matabaka hakumaliza kuyafafanua. Sura ya mwisho ya kitabu chake kikubwa kuhusu mtaji, yenye kichwa cha habari "Matabaka", imekatika baada ya ukurasa mmoja hivi. Alifariki mwaka 1883, na rafiki yake Friedrich Engels akaichapa mwaka 1894 ikiwa hivyohivyo, imekatikia njiani. Wanaobishana sebuleni wangelijua hilo wangepunguza sauti.

Umeuliza wewe ni wa tabaka gani. Kwa darubini ya Marx wewe ni mfanyakazi. Shemeji naye ni mfanyakazi! Kampuni ya bima si yake. Akipewa barua ya kuachishwa kazi, mwezi unaofuata na yeye atakuwa anatafuta kazi kwa wenye mali. Hilo linachekesha lakini halitoshi, kwa sababu yeye anaamuru watu na wewe sasa unaamuru watu. Katika miaka ya 1970 Erik Olin Wright, mfuasi wa Marx ambaye hakuridhika, alisema mameneja na wasimamizi wamekaa mahali penye mgongano: wanatumwa na mwenye mali kuwasimamia wenzao, na wao wenyewe wameajiriwa. Mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Ukijiona umechanika tangu upewe zamu, hujarogwa wala huna moyo mdogo. Hicho cheo ndivyo kilivyoundwa. Kwenye nyongeza yako nitarudi hapa.

Weber tumpe nafasi yake, maana bila yeye huwezi kuelewa kwa nini mlicheka siku ile. Max Weber, Mjerumani aliyefariki mwaka 1920, alikubali kwamba mali na soko vinagawa watu, lakini akasema kuna mgawanyiko mwingine unaokwenda kwa njia yake: hadhi, yaani heshima ambayo watu wanampa mtu, nani anakaa na nani, nani anaoa wapi, nani akiongea wengine wananyamaza. Wa tatu ni nguvu ya kujipanga, vyama na makundi yanayotafuta madaraka. Mara nyingi hivi vitatu vinatembea pamoja, lakini si lazima. Fundi stadi anaweza kuingiza zaidi ya karani, na bado karani ndiye anayepishwa kiti kwa sababu mikono yake haina masizi. Kinyume chake pia kipo. Mtu wa hali ya chini akipata fedha ghafla, wenye hadhi ya zamani wana maneno yao tayari. Maskini akipata, tunaambiwa, matako hulia mbwata. Methali hiyo ni ulinzi wa mlango. Inamwambia mtu: fedha umepata, lakini hapa ndani bado hujakaribishwa.

Ndiyo maana hukumjibu shemeji. Hoja ulikuwa nayo. Ulichokosa pale ni ile haki, ambayo haikuandikwa popote, ya kuongea ukasikilizwa.

Na hapa naingia kwa Pierre Bourdieu, ambaye ndiye aliyetupa lile neno la mdogo wako, mtaji wa kiutamaduni. Alizaliwa mwaka 1930 kijijini kusini-magharibi mwa Ufaransa, baba yake mfanyakazi wa posta, akaishia kuwa profesa kwenye moja ya taasisi zinazoheshimiwa kuliko zote nchini mwake. Alikuwa anajua anachokisema. Kwake mtaji si fedha tu. Kuna jinsi ya kuongea, kujua kitabu gani kitajwe na wapi, vyeti, ladha ya muziki. Kuna watu unaowafahamu. Navyo vinarithiwa kama nyumba, ila hakuna hati, kwa hiyo mrithi anaamini amevitafuta mwenyewe. Shule nayo inampima mtoto kwa vitu ambavyo haikumfundisha, halafu wale waliotoka navyo nyumbani inawaita wenye akili.

Hiyo habari ya watu unaowafahamu haihitaji falsafa. Katika utafiti alioutoa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mark Granovetter aliwauliza wanaume wenye kazi za ofisini na za kitaaluma katika mji mmoja wa Marekani walipataje kazi zao. Zaidi ya nusu walizipata kupitia mtu, na mara nyingi si rafiki wa karibu bali mtu wanayekutana naye mara mojamoja: aliyesoma naye, aliyewahi kufanya naye kazi. Marafiki zako wa karibu wanajua nafasi zilezile unazozijua wewe. Muulize shemeji, kwa upole, nafasi yake ya kwanza alisikia kwa nani. Sisemi hakustahili. Nasema alisikia.

Kuna jambo moja mdogo wako amelikosea, na hapa ninakuunga mkono. Nadharia inayokueleza kwa ulichokosa tu imekueleza nusu. Katikati ya sekondari ulifanya uamuzi. Ulikuwa uamuzi mbaya kwa cheti chako na mzuri kwa vyeti vya watu watatu. Mhanga anatendewa, wewe ulitenda, ndani ya chumba ambacho hukukijenga. Na kama tunahesabu saa kama Marx anavyotaka, ndani ya shahada ya mdogo wako kuna saa zako nyingi za kuchomelea. Hakuna aliyeziorodhesha kwenye cheti. Siku shemeji anasema mke wake alifika alipofika kwa bidii, anasema kweli, na bidii nyingine ni yako.

Richard Sennett na Jonathan Cobb waliwasikiliza wafanyakazi wa Boston, wakatoa waliyoyakuta mwaka 1972. Kilichowashtua ni jinsi watu waliokuwa wanafanya kazi ngumu kwa uaminifu walivyobeba aibu, kana kwamba kutofika juu ni hukumu juu ya utu wao. Wengi walikuwa wanajinyima ili watoto wao wasifanane nao. Hapo ndipo pana maumivu: baba anafanikisha lengo lake, mtoto anakuwa mtu mwingine, halafu mtu huyo mwingine anamtazama baba kwa mbali kidogo. Wewe umeyapata kwa mdogo wako kabla hayajakufika kwa binti. Usiite wivu.

Basi kwanza mjibu binti. Ulimwambia akalale, sawa, ilikuwa usiku na roho ilikuwa imechoka. Lakini swali bado lipo, na ukiliacha litajibiwa na mjomba wake wa mdomo. Mwambie ulikuwa unaipenda au hukuwa unaipenda, vyovyote ilivyokuwa kweli. Mweleze babu yake aliumia vipi, ada zilikuwa za nani, nani alisoma kwa ajili hiyo. Usimwambie "soma usije ukawa kama mimi". Najua wazazi tunalisema kwa nia njema, lakini mtoto anasikia kwamba baba yake ni mfano wa kushindwa, na huyo ni yule yule anayemfungulia mlango jioni.

Kuhusu kwenda kwa shemeji, nitakupa msimamo wangu, ukiukataa ni haki yako.

Ofa ina uzito. Annette Lareau, katika utafiti alioutoa mwaka 2003, alikaa na familia za Marekani zenye watoto wa miaka kama kumi. Watoto wa wenye uwezo walikuwa wanafundishwa mapema kumuuliza daktari maswali, kumwomba mwalimu awaeleze upya, kudai wapewe nafasi nyingine. Kwa wafanyakazi na maskini watoto walikuwa na uhuru wa kucheza, walikuwa karibu zaidi na ndugu zao, wanaheshimu wakubwa. Lakini mbele ya mtu wa ofisini walinyamaza, na wazazi wao pia. Lareau hakusema malezi haya ni bora kuliko yale. Alisema shule na ofisi zinalipa aina moja tu. Binti yako akiishi kule atayaokota hayo bila kufundishwa. Ni faida ya kweli, mke wako hajakosea.

Ila kuna bei, na hapo ndipo moyo wako uko sahihi kugoma. Shemeji hakusema "asome". Alisema "atabadilika". Abadilike kutoka nini? Kutoka kwenu. Mtoto anayepelekwa mahali kwa sababu nyumbani kwao ni kasoro, anaisoma hiyo sababu kila siku kwenye maneno madogo ya mezani, na akirudi likizo anaanza kuona namna mnavyokaa, mnavyoongea, sabuni mnayoogea. Nimesoma barua za kutosha za watu wazima waliopita njia hiyo. Wana kazi nzuri na hawajui wakae wapi.

Kwa hiyo ongea na binti kwanza, peke yake, kabla hujaongea na mtu mwingine. Ana miaka 15, ana maoni. Kisha mkubali shule na mzungumzie makazi kivingine: kama kuna bweni, au kama anaweza kwenda kwa shangazi yake katikati ya wiki na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Kama umbali haukubali, na aende, kwa sharti moja utakalolisema wewe mwenyewe, ukimtazama shemeji usoni: nyumbani kwake habari za wavivu na wasio na mipango zisitajwe mbele ya mtoto. Usiliombe. Ulilipa ada ya mke wake, sasa analipa ya mwanao. Hii si sadaka, ndugu wanabadilishana zamu, na naomba uliseme kwa maneno hayohayo ili asije akajisahau. Mdogo wako mpigie simu kabla ya hapo. Mwambie aliposema "mfumo" alikuwa sahihi na aliposema "mhanga" alikuumiza. Nahisi atalia, lakini ni msomi, atakuelewa upesi.

Na yale ambayo binti angeyapata kule unaweza kuanza kumpa hapohapo. Mkienda hospitali, mwache yeye aongee na daktari, wewe kaa pembeni. Mkiwa na fomu ya kujaza, ajaze yeye, na akikwama aulize dirishani mwenyewe. Mwalimu akimpa alama asizozielewa, amfuate amuulize kwa adabu zimetokana na nini. Utasikia aibu mara ya kwanza, maana wewe na mimi tulifundishwa kwamba mtoto mwema hanyanyui uso mbele ya mkubwa.

Sasa nyongeza yako, ambayo umeiweka mwisho kama kitu kidogo. Kile kiti chenye mgongano nilichokueleza kilikuwa kinasubiri siku kama hii. Vijana wako wanafanya kile ambacho Weber alikitaja cha tatu, kujipanga. Mmoja mmoja hawana bei mbele ya tajiri, wakiwa pamoja wanayo. Mikataba ya Shirika la Kazi Duniani namba 87 ya mwaka 1948 na namba 98 ya mwaka 1949 inatambua haki ya mfanyakazi kujiunga na chama na inataka alindwe asiadhibiwe kwa sababu hiyo, na nchi nyingi zimeiingiza kwenye sheria zake za kazi. Tafuta sheria ya kwenu inasemaje, hasa kuhusu wasimamizi, kwa sababu mahali pengine wanahesabiwa upande wa mwajiri na ulinzi wao ni mdogo.

Majina usimpe. Na usiendelee kukaa kimya, kwa kuwa tajiri atadhani unayakusanya na vijana watadhani umeshayatoa. Mwambie kazi aliyokupa ni kusimamia zamu, kwamba ubora wa kazi na muda wa kufika utamripotia kila siku, na mambo ya chama ayazungumze na wafanyakazi wote kwa pamoja, wakiwa na mwakilishi wao. Liseme kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili. Kabla ya kwenda, weka akiba yako vizuri na uwe na nakala ya mkataba wako nyumbani, maana sina uhakika atalipokeaje, na mwenye kubeba matokeo ni wewe na si mimi ninayeandika.

Shangazi